Maji kwanza, protini pili: kujilisha baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Katika wiki za mwanzo baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, moja ya mambo yanayowarudisha wagonjwa wengi hospitali ni upungufu wa maji mwilini. Njaa inakuwa imekatika, kiu haijitokezi kama zamani, na tumbo lililobaki halipokei bilauri nzima kwa mkupuo. Mtu anajiona yuko sawa mpaka siku ya nne au ya tano nyumbani, anaposimama ghafla na kichwa kinazunguka.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuruhusiwa, ana karatasi ya maelekezo mkononi, ila vyakula vilivyoandikwa humo havijui. Karatasi nyingi, hasa za waliokwenda kufanyiwa India au Uturuki, zimeandikwa kwa jikoni za huko. Hapa tumeweka vya kwetu, na vipimo vyake. Pale daktari wako alipokuelekeza tofauti, fuata lake. Yeye ndiye anayejua alichokikata na alichokishona.

Tumbo lililobaki linabeba kiasi gani

Kwa upasuaji wa slivu, daktari huondoa karibu robo tatu ya mfuko wa tumbo au zaidi, akaacha bomba jembamba la takriban ml 100 hadi 150. Kwa baipasi, hutengeneza kifuko cha ml 30 hivi, yaani vijiko viwili vya chakula, akakiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo. Chakula kinaruka sehemu ya kwanza ya utumbo, ambako chuma na kalsiamu hufyonzwa zaidi. Mwezi wa kwanza mshono bado umevimba, kwa hiyo nafasi iliyopo ni ndogo hata kuliko hizo tarakimu. Waliowekewa puto ndani ya tumbo hawakukatwa popote, lakini kichefuchefu cha siku za mwanzo huwa kikali, na kanuni za kunywa ni hizi hizi.

Malengo ya siku ni mawili. Maji na vimiminika: lita 1.5 kwa uchache, na karibu lita 2 kwa anayeishi kwenye joto la Dar es Salaam, Mombasa au Muscat. Protini: gramu 60 hadi 80. Wanga na mafuta kwa sasa hayana lengo, yatakuja yenyewe. Wiki ya kwanza wengi hawafiki gramu 60, na hilo si janga. Kutofika lita moja na nusu ndiyo hatari.

Hesabu ya maji

Chukua siku ya kuamka saa 12 asubuhi na kulala saa 3 usiku. Hizo ni saa 15. Ukinywa ml 30 kila baada ya dakika 15, kila saa unapata ml 120, na siku nzima ml 1,800. Hiyo ni katika hatua ya vimiminika, ambapo maziwa, supu na maji vyote vinahesabiwa. Ukishaanza kula, kila mlo unakunyang'anya karibu saa nzima ya kunywa: dakika 20 hadi 30 za kula, kisha dakika 30 za kusubiri. Milo mitatu inakuachia saa 12, yaani ml 1,440. Kwa hiyo aliyezembea asubuhi hafidii jioni. Kifuko hakitanuki kwa sababu umechelewa.

Ml 30 zinapimwa kwa kitu kilicho kwenye kila duka la dawa: bomba la sindano la ml 20, bila sindano yenyewe. Vuta ml 20 kisha ml 10, mimina kwenye kikombe kidogo cha kahawa, weka alama ya kalamu pale maji yalipofika. Baada ya siku mbili tatu jicho linazoea na bomba halihitajiki tena. Asubuhi jaza chupa tatu za nusu lita. Ya kwanza iishe saa 5 asubuhi, ya pili saa 10 jioni, ya tatu kabla ya kulala. Wiki ya kwanza tega simu ilie kila robo saa, maana kiu haitakukumbusha.

Ml 30 hizo zenyewe zinanywewa kwa mafunda mawili au matatu. Funda moja, meza, tulia, funda jingine. Anayegugumia kama zamani anapata maumivu ya kubana katikati ya kifua, mara nyingine mate yanajaa mdomoni na maji yanarudi. Maumivu hayo hayamaanishi kwamba mshono umeachia. Ni maji yaliyopanga foleni. Yakipita ndani ya dakika chache, punguza kasi tu. Yasipopita, au yakija pamoja na homa, soma sehemu ya mwisho.

Baadhi ya watu hawawezi maji ya baridi, yanawakaa kifuani. Jaribu ya uvuguvugu. Chai ya mchaichai, maji ya tangawizi yaliyochujwa na maji yenye kipande cha limau huhesabiwa kama maji, mradi hayana sukari. Chai ya rangi inaruhusiwa, ila isikaribiane na kidonge cha chuma, kwa sababu majani ya chai huzuia chuma kufyonzwa. Kahawa wapasuaji wengi huizuia kwa karibu mwezi mmoja.

Soda zote, hata zisizo na sukari, zinajaza gesi mahali pasipo na nafasi. Juisi ya miwa, juisi ya maboksi, togwa yenye sukari na vinywaji vya kuongeza nguvu viache kabisa. Kwa aliyefanyiwa baipasi sukari ikishuka haraka kwenye utumbo huvuta maji mengi kuelekea huko, na ndani ya dakika 10 hadi 30 mtu anatokwa jasho, moyo unamwenda mbio, tumbo linanyonga na kuhara kunafuata. Hali hiyo huitwa dampingi. Kuna na ya kuchelewa, saa moja hadi tatu baada ya kula vitu vitamu: sukari ya damu inashuka mno, mtu anatetemeka na kuona giza. Tiba ya kudumu ya hiyo ya pili si kunywa soda kila mara; ni kuacha kilichoianzisha.

Dafu lina sifa kubwa kuliko linavyostahili. Lina madini, ni kweli, lakini lina sukari pia, na halina protini ya maana. Baada ya wiki mbili za kwanza, nusu dafu lililonywewa taratibu halina neno kwa wengi. Mwenye tatizo la figo aulize kwanza, kwa kuwa potasiamu yake ni nyingi.

Utajuaje kwamba maji hayatoshi? Tazama mkojo. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, au ukienda haja ndogo chini ya mara nne kwa siku, umechelewa tayari. Kisha yanafuata kichwa kuuma, mdomo kukauka, choo kigumu, kizunguzungu cha kusimama. Hapo tengeneza ORS: pakiti moja kwenye lita moja kamili ya maji safi, si kwenye bilauri, na unywe kwa ml 30 zile zile. ORS ina sukari kidogo na haileti shida kwa kipimo hicho. Itumie siku ya kutapika au kuhara, si kila siku, kwa kuwa ina chumvi.

Jambo moja linasahaulika sana: dawa za zamani. Uliyekuwa na presha au kisukari unaweza kuhitaji dozi ndogo zaidi tangu siku unayotoka hospitali. Dawa za presha, hasa zile za kukojoza, zikimezwa kwa dozi ile ile na mtu anayekunywa lita moja kwa siku zinamwangusha. Insulini na glibenklamidi kwa mtu anayekula vijiko vitatu zinashusha sukari mpaka kuzimia. Pima presha na sukari nyumbani kila siku kwa mwezi wa kwanza, andika, na mpigie daktari namba zikishuka. Usijipunguzie mwenyewe.

Uji, makongoro na huruma ya ndugu

Sasa tufike jikoni, ambako ndiko mipango mingi inakoharibikia. Mgonjwa akirudi nyumbani, anapikiwa uji. Uji ni maji, wanga na sukari. Bakuli la uji wa mahindi linajaza nafasi yote uliyonayo na kukupa protini gramu mbili tatu. Hata ule unaoitwa uji wa lishe, wenye nafaka tano na karanga, sehemu yake kubwa ni wanga. Na anayekuletea amefanya kwa upendo, kwa hiyo ni vigumu kumkatalia mama mkwe aliyeamka alfajiri kukoroga.

Usimkatalie, mbadilishie mapishi. Apike kwa maziwa badala ya maji, unga wa ulezi kijiko kimoja tu kwenye ml 250 za maziwa, bila sukari, na akishaepua akoroge vijiko viwili vya unga wa maziwa yasiyo na mafuta uliolainishwa kwa maji kidogo. Auchuje. Hapo bakuli lile lina gramu 13 hivi za protini, na unaligawa mara mbili.

Supu ya mifupa nayo ina jina kubwa. Iliyochujwa ni kimiminika kizuri kwa siku mbili za mwanzo, inatoa maji na chumvi, lakini protini yake ni kidogo. Makongoro yanaganda yakipoa, na watu huona ule mgando ndio nguvu yenyewe. Ni jelatini, protini isiyokamilika ambayo mwili hauwezi kujengea msuli kwa kuitegemea peke yake. Kunywa ukipenda, ila usiihesabu kwenye gramu zako 60.

Siku mbili za kwanza hadi mwisho wa wiki ya pili

Siku moja hadi mbili: vimiminika vyepesi tu. Maji, mchaichai, supu ya kuku iliyoondolewa mafuta na kuchujwa kwa kitambaa. Kisha hadi mwisho wa wiki ya pili: kila kinachopita kwenye chujio la chai. Kisichopita, hakiliwi.

Msingi wa hatua hii ni maziwa yaliyoongezwa nguvu. Chemsha nusu lita ya maziwa yenye mafuta kidogo, yaache yapoe. Pima vijiko vinne vya chakula vya unga wa maziwa yasiyo na mafuta, ulainishe kwa maziwa machache mpaka usiwe na madonge, kisha mimina yaliyobaki huku ukikoroga. Chuja. Nusu lita hiyo ina protini gramu 26 hivi, ambapo maziwa matupu yangekupa 16. Soma pakiti kabla ya kununua: unga wa maziwa wenye mafuta yote una protini pungufu, na ule wa kuweka kwenye chai mara nyingi si maziwa, ni mafuta ya mimea na sukari.

Siku nzima inaweza kwenda hivi. Maziwa hayo nusu lita, yakigawanywa asubuhi na jioni (gramu 26). Mtindi usio na sukari ml 250, umelainishwa kwa maji kidogo na kuchujwa (8). Unga wa protini ya maziwa, kipimo kimoja kwenye ml 200 za maji (20, angalia kwenye kopo lako). Supu ya choroko iliyochujwa, ml 200 (5 au 6). Jumla ni karibu gramu 60, na vimiminika hivyo peke yake ni ml 1,150. Bado ml 500 hadi 650 za maji. Unga wa protini ni ghali na si lazima; nusu lita ya pili ya yale maziwa inachukua nafasi yake, ila maji matupu unayapunguza.

Choroko, ambazo Kenya wanaita ndengu, loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha hadi zipondeke, saga kwa blenda na upitishe kwenye chujio. Maganda yake ndiyo yanayoleta gesi, na gesi juu ya mshono mpya ni mateso.

Baadhi ya waliofanyiwa baipasi hugundua kwamba maziwa waliyoyanywa maisha yao yote sasa yanawaharisha. Sukari ya maziwa imekuwa nyingi kwa utumbo uliofupishiwa njia. Hamia kwenye mtindi na maziwa ya mgando, ambayo sukari hiyo imepungua kwa kuchachuka, au maziwa ya soya yasiyotiwa sukari.

Wiki ya tatu na ya nne: vya kusaga

Hapa ulaji unarudi, na hapa ndipo kunywa na kula vinapotengana. Maji yakinywewa juu ya chakula hukisukuma kipite haraka kabla hujashiba, au hujaza nafasi ukatapika vyote viwili. Acha kunywa ukianza kula, na usiguse maji hadi dakika 30 zipite baada ya kumaliza.

Kila mlo ni vijiko viwili hadi vinne vya chakula, mara nne au tano kwa siku. Maziwa yenye nguvu yanaendelea kati ya milo, maana vijiko vitatu vya samaki haviwezi kubeba mzigo peke yake.

Samaki ndiye rahisi kuliko nyama zote. Sato, changu au nguru wa kuchemsha: toa miiba yote kwa vidole, si kwa macho. Gramu 60 za mnofu, vijiko viwili vya mtindi, vijiko vitatu vya maji aliyochemshiwa, chumvi kidogo na limau. Saga mpaka uji mzito usio na chembe. Hapo una gramu 16 za protini, milo miwili. Nyama ya ng'ombe iache. Hata ikisagwa inabaki na nyuzi.

Dagaa wakavu ni hazina ambayo karatasi za ng'ambo hazina. Toa vichwa na matumbo (huko ndiko kuna uchungu na mchanga), osha kwa maji moto, kausha kwenye kikaango juu ya moto mdogo hadi wavunjike kwa kidole, saga, kisha chekecha kwa ungo mwembamba. Kijiko kimoja cha chakula cha unga huo kina protini gramu 4 hivi, pamoja na kalsiamu ya mifupa yao. Nyunyiza kwenye choroko, kwenye viazi, kwenye supu. Chagua wasiotiwa chumvi.

Kuanzia wiki ya tano

Vyakula laini vinavyopondeka kwa uma: yai la kuvuruga lililoiva kwa moto mdogo na maziwa kidogo (yai moja ni gramu 6), samaki asiyesagwa, kuku aliyechambuliwa nyuzi nyuzi na kulowekwa kwenye mchuzi (gramu 30 zinatoa 8 au 9), maharage yaliyomenywa na kupondwa (nusu kikombe, gramu 7 hivi), parachichi, boga, viazi vya kuponda. Ongeza kitu kipya kimoja kwa siku, mlo wa mchana, ili kikigoma ujue ni kipi na usikeshe nacho. Chakula cha kawaida kinaanza wiki ya saba au ya nane.

Mpangilio kwenye sahani haubadiliki maisha yote: protini kwanza mpaka iishe, kisha mboga, wanga mwisho kama nafasi ipo. Pakua kwenye kisosi, kula kwa kijiko cha chai, tafuna kila tonge mara 20 au zaidi. Sinia la pamoja ni gumu kwa mtu wa hali yako. Huwezi kupima ulichokula, mikono ya wengine inakuharakisha, na mwenyeji atasogeza mnofu upande wako. Pakuliwa pembeni, hata kama mnakaa mkeka mmoja.

Acha kula kwenye dalili ya kwanza ya kushiba, si ya tatu. Wengine hupata kwikwi, wengine makamasi yanatiririka ghafla, wengine shinikizo chini ya kifua. Kijiko kinachofuata baada ya dalili hiyo ndicho kinachotapikwa. Kikinasa, mtu hutema mate yenye povu kwa dakika kadhaa. Simama, tembea polepole, usinywe maji kukisukuma.

Vinavyonasa zaidi kwetu ni ugali, chapati, mkate laini mweupe, wali uliokauka, mihogo, nyama choma, mabua ya sukuma wiki, kisamvu kisichotwangwa vizuri, embe lenye nyuzi, ngozi za chungwa na punje za makande. Ugali watu huudharau kwa kuwa ni laini, na kumbe ulaini huo ndio tatizo: hauvunjiki ukitafunwa, unajikusanya upya na kuwa donge kwenye njia nyembamba. Usubiri angalau miezi mitatu. Ukiurudia, tonge liwe dogo kama punje ya maharage, mchuzi mwingi, baada ya samaki.

Baada ya mwaka hatari inageuka. Si vinavyonasa tena, ni vinavyoteleza. Vinavyoteleza ni biskuti, maandazi yaliyochovywa kwenye chai, juisi, barafu za maziwa. Havishibishi, havitapikwi, na kidogo kidogo kutwa nzima vinarudisha kilo. Pombe nayo inapanda kichwani haraka na kwa kiasi kidogo kuliko zamani.

Vidonge: hili si la hiari

Vitamini hizi ni za maisha yote, hasa kwa baipasi. Viwango vinavyotumiwa sana kwa watu wazima ni hivi; daktari atavirekebisha kwa vipimo vya damu.

- Vitamini na madini mchanganyiko kila siku, yenye zinki, shaba, asidi ya foliki na vitamini B1. Mwezi wa kwanza tafuta za kutafuna au za maji.
- Kalsiamu mg 1,200 hadi 1,500, ikigawanywa: mg 500 kwa mara moja, kwa kuwa zaidi ya mg 600 haifyonzwi kwa pamoja. Kalsiamu sitreti ni bora kwani haihitaji asidi ya tumbo. Madukani mara nyingi iliyopo ni kaboneti; ukiikosa ile, meza hii pamoja na chakula.
- Vitamini D, yuniti 3,000 kwa siku. Jua la pwani halitoshi kwa anayejifunika au anayeshinda ofisini.
- Chuma mg 18 kwa mwanamume wa slivu. Mg 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi na kwa yeyote wa baipasi.
- Vitamini B12, maikrogramu 350 hadi 1,000 kwa mdomo kila siku, au sindano ya maikrogramu 1,000 kwa ratiba ya daktari. Wanaotumia metformini au omeprazo wako kwenye hatari zaidi ya kupungukiwa nayo.

Chuma na kalsiamu haviendi pamoja. Vitenganishe kwa saa mbili. Ratiba rahisi: mchanganyiko baada ya kifungua kinywa, kalsiamu ya kwanza saa mbili baadaye (mchanganyiko mara nyingi una chuma), kalsiamu ya pili alasiri, ya tatu saa 12 jioni, chuma saa 3 usiku kwa maji ya limau. Vidonge vyekundu vya kliniki ya wajawazito vina chuma cha kutosha (kile cha mg 200 cha feri salfeti kina mg 60 hivi za chuma chenyewe) pamoja na asidi ya foliki, lakini havina vingine vyote. Havichukui nafasi ya mchanganyiko.

Vipimo vya damu hufanywa mwezi wa tatu, wa sita, wa 12, kisha kila mwaka. Feritini, inayoonyesha akiba ya chuma, hupanda mtu akiwa na maambukizi, kwa hiyo ukipima katikati ya malaria utaambiwa chuma kipo tele wakati akiba ni tupu. Pima ukishapona. Nywele kunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita ni kawaida baada ya kupungua kilo haraka, na huota tena. Zikiendelea baada ya hapo, angalia protini, chuma na zinki. Mimba icheleweshwe miezi 12 hadi 18, na vidonge vya majira visitegemewe baada ya baipasi.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini usinunue tena kwa maumivu. Baada ya baipasi zinachimba kidonda pale utumbo uliposhonewa. Parasetamoli ndiyo yako. Aliyeandikiwa aspirini ya moyo asiiache bila kuuliza. Dawa mseto ya malaria, ile ya ALu, inahitaji mafuta ili ifyonzwe. Imeze na maziwa yasiyopunguzwa mafuta, kikombe cha kahawa kinatosha.

Ramadhani

Hesabu tuliyoanza nayo inajibu swali hili. Kati ya magharibi na daku kuna takriban saa 10, na ukilala nne zinabaki sita. Kwa ml 120 kila saa, unapata ml 720. Ndiyo maana madaktari wengi hushauri kusubiri mwaka mmoja au zaidi, na mgonjwa ana ruhusa ya kulipa siku nyingine. Baadaye, tumbo likishapokea ml 250 au zaidi kwa saa, saa sita hizo zinatosha. Anza na maji na tende moja, subiri, kisha protini; sambusa na kaimati ziwe za mwisho kama zitafikiwa. Siku ya kwanza ya kizunguzungu ni siku ya kufungua.

Wakati wa kwenda hospitali

Usisubiri kesho ikiwa ndani ya mwezi wa kwanza una homa, moyo unaenda mbio ukiwa umetulia (mapigo 120 kwa dakika au zaidi), maumivu ya tumbo yanayozidi au yanayopanda begani. Mshono unaweza kuwa unavuja. Nenda pia ukishindwa kubakisha hata maji kwa saa 24, ukitapika damu, au ukiwa na choo cheusi na humezi vidonge vya chuma.

Kutapika kwa siku nyingi kuna hatari ya pili ambayo zahanati nyingi hazijaizoea. Akiba ya vitamini B1 mwilini inaisha ndani ya wiki mbili au tatu. Ikiisha, mtu anaanza kuona viwili viwili, anayumba akitembea, anachanganyikiwa, na ubongo unaweza kuharibika moja kwa moja. Akitundikiwa dripu ya glukosi kabla ya kupewa B1, sukari ile inamalizia kidogo kilichobaki na hali inazorota. Andika haya kwenye kadi, iweke nyuma ya simu na umpe mtu unayeishi naye nakala:

"Nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo (slivu / baipasi), tarehe ........ Kama natapika au nimechanganyikiwa, naomba sindano ya thiamini, vitamini B1, kabla ya dripu yoyote yenye glukosi. Nisipewe diklofenaki wala ibuprofeni. Nisiingizwe mpira wa puani bila daktari wa upasuaji kujua. Simu ya daktari wangu: ........"